Irabu Tano Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa chekechea kanishika getini. Kasema mjukuu wangu anaijua A peke yake. Irabu nne zilizobaki anazitazama kama wageni waliokosea nyumba.

Aibu! Binti yangu, mama yake mtoto, anarudi Jumapili baada ya miezi sita ya masomo ya uuguzi. Na kwenye simu nilishamwambia mtoto anajua kusoma. Sikupenda kusema uongo. Ila Bibi wa upande wa pili, mama mzazi wa baba yake mtoto, alikuwa ameketi palepale akijisifu kwamba kamfundisha kunawa mikono. Ningefanyaje?

Bibi huja kila siku kutusaidia. Anafundisha irabu kwa kupanga maharage mezani. Maharage! Mimi ni fundi saa mstaafu, mtu wa mitambo. Nimepata mchezo mtandaoni. Ngedere anataja herufi, mtoto anapasua puto lenye herufi hiyo. Bibi asijue.

Jumanne, 5 Machi
Ushindi! Maputo arobaini kabla ya chakula. Mchumba wangu, huyu mjukuu, kanibusu kwenye upara. Kasema atakubali kuolewa nikiota nywele. Ili kumtia moyo, nikamwambia kwamba Mama anapenda sana watoto wanaojua kusoma.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Bibi kaandika “baba” kwa maharage, kamwambia mtoto asome.

“Beibei!”

Bibi kanitazama. Kaandika “mama”.

“Meimei!”

Kumbe ngedere ni wa Kiingereza! A anaiita “ei”. E anaiita “ii”. I anaiita “ai”. Hata ile A moja aliyokuwa nayo mtoto nimempokonya. Bibi kauliza lugha hiyo imetoka wapi. Nikasema huenda ni jino linatikisika.

Jioni binti kapiga simu. Mtoto kamwamkia: “Shikamoo, Meimei.” Binti kacheka. Halafu kauliza polepole kama mtoto ameanza kumsahau. Nikasema la hasha. Nikaenda kusimama jikoni bila kazi yoyote.

Alhamisi, 7 Machi
Ngedere nimemfuta. Nimepata chura wa Kiswahili! Anataja irabu, mchezaji anamrusha kwenye jani lenye irabu hiyo. Matamshi safi. Nikaujaribu kwanza mwenyewe, kwa usalama wa mtoto. Hatua ya kumi na tisa! Mtoto alisinzia begani kwangu akingoja zamu.

Bibi kanikuta nikimfokea chura. Siri imekwisha. Kauliza, “Mzee, anayekwenda chekechea ni mtoto au ni wewe?”

Nikamrusha chura tena. Hatua ya ishirini ilikuwa imekaribia.

Ijumaa, 8 Machi
Mtoto hakosei hata mara moja! Nikamwita Bibi ashuhudie. Bibi mkorofi kafunika kioo cha simu kwa kiganja, kaacha sauti tu. Chura kasema “E”. Kamuuliza mtoto ni ipi kati ya irabu alizopanga kwa maharage mezani. Mtoto akaitazama simu iliyofunikwa. Kumbe jani lenye jibu hung'aa kidogo kabla chura hajaruka. Mtoto anafuata mwanga, sauti haisikilizi kabisa. Akili anazo. Taabu ni babu yake.

Akaanza kulia. Si kilio cha deko, cha chini kwa chini. Kasema Mama akimkuta hajui kusoma atarudi alikotoka.

Nani kamtia maneno hayo? Mimi. Na mdomo wangu.

Nilingoja Bibi anishambulie. Wapi! Kamfuta machozi kwa upindo wa gauni lake. Heri angenitukana.

Ijumaa hii sikucheza tena. Au tuseme, karibu nisicheze.

Jumamosi, 9 Machi
Umeme umekatika tangu alfajiri. Simu imezima. Mtoto kasema basi Babu awe chura.

Nina magoti ya miaka sabini. Bibi kaandika irabu sakafuni kwa chaki, mimi nikaruka. Nikitua kwenye herufi, naitaja. Mtoto akataka aone sauti inakotoka. “Fungua mdomo, Babu.” Nikasema aaa. Meno ya bandia yakadondoka. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

O, mdomo wa mtu aliyeona ajabu. U, wa anayepuliza chai. I, wa anayepigwa picha. E ikagoma kabisa. Nikakanyaga chaki, ikavunjika. Bibi akafoka, “Weee!”

Mtoto akaruka juu. “Hiyo! Hiyo ndiyo E!”

Kisha kasoma neno lake la kwanza, kidole sakafuni: u, a. Ua! Bibi akamchorea ua pembeni. Halikufanana na ua. Nikamsifu hata hivyo.

Nikampakata, nikamwambia kwamba Mama anakuja kukaa, hata kama mtoto hajui irabu hata moja. Kauliza, hata akizisahau zote? Nikasema hata akisahau jina la babu yake. Kasema hilo hajawahi kulijua.

Jumapili, 10 Machi
Kafika! Nilikuwa nimeandaa hotuba. Hakuna aliyeisikia. Mtoto alimrukia mama yake mlangoni, mizigo ikaanguka. Hakusoma chochote. Alishikilia shingo tu.

Baadaye kamshika mashavu kwa mikono miwili. “Mama, sema A.” Binti akasema. Alikuwa analia, kwa hiyo ikatoka ndefu. Mtoto akachungulia ndani, akaridhika. Ndipo akamvuta hadi kwenye chaki, akamsomea ua.

Binti kauliza nani kamfundisha. Bibi na mimi tukajibu kwa pamoja, “Mimi!” Kisha Bibi kasema, “Ni sisi.” Nilikuwa karibu kabisa kusema hivyo mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetafakari kwa kina. Ni wazi kwamba aliyefanya kazi ni chura. Irabu zilimwingia mtoto Alhamisi, akiwa amelala begani. Jumamosi zilijitokeza tu.

Bibi anasema sasa twende kwenye konsonanti, taratibu, kwa chaki. Taratibu! Nimepata mchezo wa konsonanti zote kwa siku tatu. Pundamilia anazikimbiza. Nyota tano! Maelezo yake yameandikwa kwa herufi ambazo sijawahi kuziona maishani, lakini pundamilia mwenyewe anaonekana mwaminifu.

Naujaribu kidogo kwanza. Binti ameniita mezani mara mbili. Nimemwambia naja. Pundamilia kabakiza herufi moja.