Filamu ya Kwaya Isiyofuata Mkono

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Filamu imerudi. Miezi mitano ilikuwa Ulaya ikisafishwa, imerudi leo ndani ya sanduku la dawa za misheni. Nimeibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili kama yai. Kwaya yangu yote imo, watu thelathini na mmoja mbele ya kanisa letu hapa Karatu, nami mbele yao kwa shati jeupe. Sauti haimo. Kamera ya Paroko hunasa picha tu, kwa hiyo wimbo tuliurekodi papo hapo kwa redio kaseti. Kazi iliyobaki ni ndogo: kupatanisha picha na sauti.

Lazima iwe tayari Jumapili. Siku hiyo halmashauri ya parokia itaamua kama kwaya ibaki kwangu au apewe Germana, mpiga ngoma. Germana, niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe, darasa la pili! Naongoza kwaya mwaka wa ishirini na mbili huu. Wanasema, kwa upole unaoudhi, kwamba nimechoka. Wakiiona filamu watanyamaza.

Mwanzoni Germana anapiga ngoma pigo moja, kisha kimya, kisha wimbo. Pigo lile si sehemu ya wimbo. Nimelikata kwa wembe, kipande cha shibiri moja, nikatupa. Mke wangu Cresensia amekiokota na kuuliza kama nina hakika. Nimemweleza kwamba kwaya ina saa moja tu, nayo ni mkono wa mwalimu. Nitafuata mkono.

Jumanne, 9 Agosti

Jenereta ya misheni huwashwa saa tisa mchana kupandisha maji tangini. Saa moja tu, basi. Anayeitunza ni mzee Metui, Mmaasai wa Malambo, mtu wa maneno machache. Nimeziba madirisha ya ghala la mahindi kwa magunia na kutundika shuka la Cresensia. Projekta ya Paroko ikazunguka. Kaseti ikatoa sauti nzito, kama ng'ombe waliokwama kwenye tope. Betri! Nilizianika juani tangu asubuhi, lakini mwezi huu kinachoitwa jua hapa kwetu ni ukungu uliochangamka kidogo.

Metui, bila kuulizwa, kachomeka redio kwenye umeme. Sauti ikanyooka. Nilikuwa karibu kulifikiria hilo.

Jumatano, 10 Agosti

Nimepatanisha mkono na sauti. Mkono ukishuka, wimbo unaanza. Safi kabisa.

Lakini vinywa vinafunguka kabla ya sauti. Vinywa vyote. Ngoma nayo inapigwa kabla ya kulia.

Nimetafuta sababu kitaalamu. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, na sauti katika baridi yawezekana huchelewa kutoka kifuani. Cresensia alisema baridi ileile haijawahi kuchelewesha sauti yake akifukuza mbuzi.

Metui alisimama mlangoni akatazama filamu mara mbili. Kisha akasema: "Mwalimu, kundi lote linakwenda pamoja. Kuna mmoja yuko nyuma."

Nilimwuliza ni nani. Alinitazama. Akajibu kwamba ng'ombe mgonjwa ni vizuri mwenyewe amwone. Akaenda kuzima jenereta.

Alhamisi, 11 Agosti

Usiku sikulala. Alfajiri nikamjua: Josephati, besi, safu ya tatu. Siku zote nimemshuku.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimemshughulikia Josephati. Ni vizuri kueleza: filamu ni mfululizo wa vijipicha, kumi na vinane kwa kila sekunde. Nilichukua sindano ya Cresensia, nikavaa miwani, nikamtoboa uso katika kila kijipicha. Nimefika kijipicha cha mia mbili na kumi na sita. Hizo ni sekunde kumi na mbili. Wimbo una dakika tatu. Macho yamegoma.

Saa tisa nikajaribu. Sikufikiria kwamba tundu hupitisha mwanga. Kwa sekunde kumi na mbili Josephati anang'aa kama mtakatifu, kisha anarudi kuwa Josephati. Vinywa bado vinawahi.

Sikula.

Jumamosi, 13 Agosti

Germana amekuja na kibuyu cha maziwa. Aliniamkia kwa adabu, akasema hakuomba kupewa kwaya, na kama kuna la kunisaidia yuko tayari. Nikamwambia filamu ni jambo la kitaalamu. Wakaongea na Cresensia kwa Kiiraqw, lugha yao, jikoni, chini chini. Alipoondoka nilimwona ameshika kitu kwenye kanga.

Wakinitoa kwenye kwaya nitabaki na nini? Nyumba hii ina saa ya ukutani na Cresensia. Hakuna kati yao anayenifuata.

Jumapili, 14 Agosti

Ghala lilijaa. Halmashauri watu saba, Paroko, kwaya nzima. Nilitanguliza maelezo ya nusu saa, Metui akanikumbusha mafuta ya jenereta.

Nikawasha. Watu walivicheka vinywa. Josephati alipoanza kung'aa, mama Lukresia wa halmashauri aliuliza kama kuna habari ambayo parokia haijapewa. Josephati mwenyewe alivua kofia.

Paroko akauliza taratibu kama inaweza kurekebishwa. Ndipo Germana akafungua fundo la kanga na kutoa kile kipande cha shibiri. Akaomba kirudishwe mahali pake. Nilikibandika kwa plasta ya zahanati. Germana akairudisha kaseti mwanzo kabisa, penye pigo la ngoma.

Kwenye shuka Germana akainua mkono, akapiga ngoma. Ngoma ikalia. Papo hapo. Kisha kimya, kisha wimbo, na vinywa thelathini na kimoja vikafunguka pamoja na sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata mara moja. Macho yote yalikuwa kwenye ngoma.

Mtu mmoja tu alichelewa. Alikuwa na shati jeupe. Mkono wake ulishuka kila mara baada ya wenzake kwisha kuanza.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Huyo ndiye," Metui alisema.

Walipiga kura nikiwa nakunja shuka. Kura saba.

Jumatatu, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Germana aliniomba niimbe besi, safu ya tatu, karibu na Josephati. Alisema, "Mwalimu, bila wewe safu ile haina mzee." Sikutaka kwenda. Cresensia alikuwa ameshanipigia pasi shati.

Nimeitafakari filamu upya, kwa utulivu. Ushahidi ni mzito kuliko nilivyodhani. Watu thelathini na mmoja, miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kusubiri!

Leo katika ubeti wa kwanza nilitikisa kichwa kuwaonyesha mwendo sahihi. Josephati akaninong'oneza kwamba nimtazame Germana.

Nikamweleza kwamba namtazama. Yeye ndiye anayewahi.