Shahidi Wangu Mama Mkwe

Jumatatu, Agosti 9, 1954. Sokon, Arusha.

Ndoa ni tamu! Nanyori wangu ameniletea uji kitandani, akaketi kunitazama nikinywa. Macho gani yale! Mlima Meru umejifunika wingu kwa wivu.

Pia, nimeshtakiwa.

Habari yenyewe ni fupi. Jana baada ya ibada baba mkwe, Mzee Parsimei, alinikaribisha pombe ya ndizi. Mkwe hakatai kibuyu. Nilipokea kwa heshima. Heshima ikajazwa tena, na tena. Kisha nikapanda pikapu niliyoazimwa na Bwana Meneja wa shamba la mkonge ninakofanya kazi kule Korogwe, nikashika njia ya mjini kumnunulia Nanyori soda. Kwenye kona, nani huyo? Mama mkwe, na mzigo wa majani ya mgomba! Kwa hawa Waarusha mkwe hakutani na mama wa mkewe. Humpisha njia na kumfichia uso. Basi nikampisha. Nikampisha na pikapu yote, mpaka mferejini.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Namkumbuka askari polisi Efraimu. Namkumbuka pia Bariki.

Bariki! Dereva wa basi kutoka Maji ya Chai, mwimba kwaya, aliyemposa Nanyori kabla yangu akakataliwa. Ndiye aliyeivuta pikapu kwa kamba. Ndiye pia aliyemwambia askari, bila kuulizwa, kwamba nanuka kama pipa. Kesi ni Ijumaa: kuendesha gari nikiwa nimelewa.

Mzee Parsimei ametamka kwamba binti yake hatapanda gari linaloendeshwa na mlevi. Nikishindwa kesi, nitarudi Korogwe peke yangu. Peke yangu! Aliyasema hayo akininyooshea kibuyu. Nilipokea kwa heshima.

Jumanne, Agosti 10

Nimepata hoja! Sekondari sikusoma bure. Leseni yangu imetolewa Jimbo la Tanga. Hapa ni Jimbo la Kaskazini. Jimbo moja litamhukumuje dereva wa jimbo jingine?

Nikaenda kituoni kumweleza Efraimu. Alisikiliza kwa adabu. Akawaita wenzake nao wasikie, akaniomba nirudie kwa ajili ya waliosimama nyuma. Halafu akauliza kama mbuzi aliyeibwa Tanga akiliwa Arusha huwa si wa wizi tena. Sikuona uhusiano.

Ili kunisaidia, akapiga simu Korogwe kuuliza Jimbo la Tanga linaonaje. Simu ikamfikia Bwana Meneja. Bwana Meneja anaona kwamba pikapu iwe imerudi Jumapili, la sivyo nisirudi hata mimi. Aliongeza maneno mengine ya Kiingereza ambayo sekondari hatukufundishwa.

Nanyori aliposikia alicheka mpaka machozi. Jinsi anavyoyabeba maumivu yangu!

Jumatano, Agosti 11

Mazoezi. Nimetandaza kamba uani nikatembea juu yake, ili hakimu akinijaribu anione nimenyooka. Nilikuwa sijaonja kitu, nikaanguka mara kadhaa. Nalaumu kamba.

Basi la Bariki likapita. Likapunguza mwendo. Abiria wakapiga makofi. Bariki akatoa kichwa dirishani akaniuliza, Bwana arusi, mfereji mwingine unautafuta wapi, ule wa juzi haukukutosha? Nikamjibu kwamba walioshindwa kwenye posa wasituzibie njia. Akasema njia niliiziba mimi, kwa siku nzima.

Alhamisi, Agosti 12

Usingizi sikuupata, nikimtazama Nanyori alivyolala. Na hapo ndipo wazo likanijia. Shahidi! Nani aliyeona kwamba sikupotea njia kwa ulevi bali kwa heshima? Mama mkwe! Hakimu atasikia kutoka kinywani mwake kwamba nilimpisha. Kesi kwisha.

Nanyori akasema ngoja kwanza, kuna jambo mama amemwambia kuhusu ile Jumapili. Nikamwekea kidole midomoni, nikamsomea beti nilizomtungia. Akasema Elisaria, nisikilize. Nikasoma ubeti wa mwisho. Akaenda kuchota maji.

Nikampelekea Efraimu jina la shahidi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Akaandika, akatoka nje, nikamsikia anacheka nyuma ya kituo. Mzee Parsimei aliposikia, pombe ilimpalia.

Tangu Jumapili mama mkwe akinisikia tu hukimbilia nyuma ya ghala. Shahidi mwenye heshima namna hiyo nitampata wapi?

Ijumaa, Agosti 13

Bomani. Hakimu Mzungu, karani mkalimani, na nusu ya Sokon wamekuja kuangalia.

Bariki akatoa ushahidi wa pipa. Niliporuhusiwa kumhoji nikamuuliza kama anajua mapenzi ni nini. Hakimu akasema swali jingine. Sikuwa nalo.

Akaingia mama mkwe. Kanga kichwani, amenigeuzia mgongo, uso ukutani. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ni ukuta. Karani akamweleza desturi. Nikaruka nikasema, hiyo ndiyo heshima yenyewe, Bwana Hakimu, iliyonifanya nikate usukani! Hakimu akaweka kalamu chini. Nilikuwa nashinda! Nanyori wangu nilimwona tayari yuko Korogwe, anapanda maua mlangoni.

Hakimu akamuuliza, je, alikupisha? Mama mkwe akaujibu ukuta: ndiyo, alinipisha. Moyo wangu!

Halafu?

Halafu, akaeleza kwamba mimi mkwewe nilitoka mferejini na matope mpaka kifuani. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwamkia shikamoo, mama mzuri. Nikamkumbatia. Nikamtwalia mzigo wake, nikaubeba kichwani, nikacheza kumzunguka nikimwita dada mkubwa wa Nanyori.

Wazee wakaguna. Mwanamke mmoja akatoka nje. Bariki peke yake ndiye aliyekuwa na furaha.

Mama mkwe akaongeza kwamba ameona chui, ameona nzige, lakini mkwe mwenye akili timamu kumgusa mama wa mkewe hajaona. Kwa hiyo kinyongo hana. Iliyomkumbatia ni pombe, si yule mtoto. Alikuwa ananitetea, mama wa watu!

Hakimu akasema ushahidi ulio wazi hivyo hajawahi kuletewa na mshtakiwa mwenyewe. Nina hatia. Faini, na leseni imezuiwa mwaka mzima.

Jioni Mzee Parsimei akasema neno lake ni lile lile. Nikalia. Ndipo Nanyori akasimama. Shikamoo kwanza, kisha akamwambia baba yake kwamba yeye amefungwa ndoa kanisani, hakufungwa kamba zizini, na pombe ile ilitoka kibuyu cha nani? Kama shida ni mlevi kuendesha, aendeshe asiye mlevi. Mzee akafikiri, akakubali. Nikapumua. Kisha wakamtaja dereva.

Bariki.

Nilipinga. Hakuna aliyesikia.

Jumamosi, Agosti 14

Safari! Bariki usukanini. Nanyori kakaa mbele kwa sababu ya vumbi. Mimi nyuma, na mikungu ya ndizi na jogoo. Mzee Parsimei alinipa kibuyu cha njiani. Ningemkataaje? Maji ya Chai watu walimpungia Bariki kama gavana.

Tulipoipita Moshi, jogoo akiwa amelala, nikapata hoja. Leseni imezuiwa na Jimbo la Kaskazini. Na Same ni Jimbo la Tanga! Pikapu ikachemka tukiwa tumeshaingia Upare, karibu na Same, Bariki akashuka na debe kutafuta maji. Nikahamia usukanini. Nanyori akasema Elisaria, usithubutu. Nikambusu mkono. Nikaondoa gari.

Naandika haya kwenye benchi la polisi, Same. Mbuzi mmoja aliyekutana na pikapu anachechemea, lakini atapona. Bariki amefika sasa hivi kwa miguu, na debe lake limejaa. Nimemweleza askari kwa utaratibu kwamba pombe yote niliinywa Jimbo la Kaskazini, kwa hiyo hapa hana mamlaka nayo. Amevutiwa sana. Amewaita wenzake waje kusikia.

Na Nanyori? Amejifunika kanga kichwani, amenigeuzia mgongo, uso ukutani. Mama yake mtupu! Nimeoa kwenye heshima.