Kiwiko cha Gazetini

Gazeti lilifika kijiweni kwetu likiwa limefungia chumvi ya Mama Zamda, siku nne baada ya kuchapwa. Chumvi akaimimina kwenye bakuli lake la maandazi, gazeti akalinyoosha juu ya goti, mara akapiga ukelele uliomfanya Mzee Sadala amwage kahawa ya watu.

"Jamani! Si Katibu Kata huyu?"

Tukarundikana. Kweli alikuwa Ndugu Gregori, na mashavu yake yote mawili. Amekaa juu ya baiskeli katikati ya mashamba ya mpunga, amenyanyua mikono yote miwili anapunga. Yordani ndiye msomaji wetu. Tunamwita Manamba kwa sababu alikata mkonge miaka kumi na minne, na tangu atoke huko hajamwogopa mtu. Akakohoa kwanza kama mtangazaji wa redio.

"'Kiongozi kutoka Handeni amemaliza ziara ya siku sita kwa baiskeli katika vijiji vya mto Mekongi, Asia ya Kusini Mashariki. Amevuka mito midogo kumi na saba, amelala kwa wakulima, na anasema ziara hiyo imemfunza kujitegemea.'"

"Nani? Gregori?" Mama Zamda akatema ganda la karanga. "Huyu anayepelekwa na Landrova mpaka mlango wa choo?"

"Mito kumi na saba!" Mzee Sadala akatikisa birika. "Mwaka juzi mvua iliponyesha alikataa kuruka mtaro wangu. Akahutubia akiwa ng'ambo."

Tukacheka wote isipokuwa Mdoe. Mdoe alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli yake, anakaza kamba ya mkonge kwenye keria. Hiyo ndiyo baiskeli nzima pekee kijijini tangu tuhamishiwe hapa. Na ilikuwa imeandikiwa barua. Juzi Manamba alitusomea: kila kijiji kitoe baiskeli moja kwa Ziara ya Kujitegemea, siku tano kutoka Handeni mpaka Korogwe, ili wakulima tufundishwe yale aliyoyaona Katibu huko Mekongi. Leo alasiri angekuja kuichukua mwenyewe.

Sasa, Chausiku mke wa Mdoe alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wao wa kwanza alifia hapahapa, mkunga amekaa na taa tu hana la kufanya. Safari hii nesi alisema wazi: asijifungulie nyumbani, aende akakae kwa dada yake Kwamndolwa, karibu na hospitali, kabla wiki haijaisha. Basi lilikuwa limevunjika ekseli. Ndiyo maana Mdoe alikuwa anafunga kigodoro cha sufi kwenye keria. Mimi nilikuwa nakitazama kile kigodoro na hasira inanipanda.

"Mdoe, ondoka sasa hivi," nikamwambia.

"Waje waniite mhujumu? Wewe utanilimia shamba nikiwa ndani?"

"Ngojeni," akasema Manamba, pua imegusa gazeti. "Hiki ni nini?"

Akaweka kidole pembeni ya picha, pale ilipokatwa. Palikuwa na kiwiko. Kiwiko chembamba, kimekunjwa, na juu yake ukingo wa kofia ya majani.

"Mpita njia," akasema Mzee Sadala.

"Mpita njia gani yuko juu ya baiskeli hiyohiyo?"

"Basi ni usukani."

"Usukani una shati, mzee?"

"Mimi nasema ni mzimu wa Kichina!" akasema Mama Zamda.

"Mekongi si Uchina."

"Mzimu hauna mpaka, Manamba. Tena niambieni, mtu anaendeshaje baiskeli mikono yote iko hewani? Anaendesha kwa tumbo?"

"Tumbo analo," akasema Mzee Sadala, na kahawa ikamwagika tena.

Tulikuwa bado tunabishana Landrova ilipofika na vumbi lake. Ndugu Gregori akashuka, kofia ya majani kichwani, aina ileile ya gazetini. Dereva akalala papo hapo kwenye usukani.

"Shikamoo, Mzee Sadala. Ndugu zangu, hamjambo? Huko nilikotoka, saa kama hizi watu wako shambani. Hawana vijiwe."

"Marahaba. Na makatibu wanao?" akauliza Mzee Sadala kwa upole kabisa.

Ndugu Gregori akaanza kutusimulia mifereji, madaraja ya mwanzi, soko linaloelea, jinsi mpunga unavyovunwa mara tatu kwa mwaka. Akasema na sisi tutalima mpunga. Wakati huo ndoo za wanawake zilikuwa zimepangwa foleni kisimani tangu alfajiri, zinangoja maji yatoke chini.

"Ndugu Katibu," akasema Mdoe akisimama. "Mke wangu yuko karibu kujifungua. Niachie baiskeli siku mbili tu. Au Landrova imfikishe Kwamndolwa."

"Landrova ni ya shughuli za umma. Itabeba vipaza sauti."

"Na Chausiku si umma?" Mama Zamda akadakia. "Tumbo lile lina umma wa watu wawili!"

"Ndugu, tusichanganye mambo." Akaisogelea baiskeli. Tukangoja ashike breki, abonyeze tairi, atazame mnyororo, kama afanyavyo kila mtu anayejua baiskeli. Ndugu Gregori akapita vyote hivyo akaenda nyuma moja kwa moja. Akabonyeza kigodoro. Uso ukamng'aa.

"Aa! Hapa mmefikiria. Huko keria ilikuwa mbao tupu. Siku ya tatu nilikuwa nakaa upande mmoja."

Manamba akakitazama tena kile kiwiko cha gazetini.

"Keria, Ndugu Katibu?" akauliza Manamba polepole.

"Mgeni hapigi pedeli. Ni heshima yao. Alinipakia mama mmoja wa ushirika, mtu mzima, labda miaka hamsini. Ana nguvu yule! Haya, siku tano hizi nani kati yenu atanipakia?"

Mzee Sadala akaanza kukagua birika kama hajawahi kuliona. Manamba hakuangalia pembeni. Alichomoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti ya redio: "'Katibu Kata ataendesha mbele na kuongoza msafara.' Na muhuri huu hapa. Ndugu, barua inakutaka mbele. Panda."

"Ni maneno ya barua tu, hayo."

"Mdoe angewekwa ndani kwa maneno hayohayo. Panda."

Mdoe akaitoa stendi, akamkabidhi usukani. Ndugu Gregori akaushika kama mtu aliyeshikishwa pembe za mbuzi asiye wake. Akainua mguu wa kulia, akaurudisha. Akainua wa kushoto. Baiskeli ikamwegemea, naye akaiegemea, wakabaki hivyo.

"Gazeti bado ninalo," akasema Mama Zamda. "Na kiwiko kimo."

Ndugu Gregori akamrudishia Mdoe baiskeli. Jasho lilimtoka chini ya kofia ya Mekongi.

Chausiku alikuwa ameshafika na kifurushi chake. Tukamsaidia kukaa juu ya kigodoro, Mdoe akaanza kupiga pedeli taratibu kuelekea njia ya Korogwe. Walipofika kwenye mwembe wa shule, Chausiku akageuka, akamwona Katibu amesimama pale mikono mitupu. Akanyanyua mikono yake yote miwili, akapunga.

"Picha ndiyo hiyo!" Manamba akapiga kelele mpaka dereva akaamka. "Na mkiipiga, kiwiko cha Mdoe msikikate!"