Mwingereza wa Ukoo Wetu

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Leo ni leo! Asteria, nesi wa mtaa wa Vällingby huku ughaibuni ninayetaka kumwoa, alisema kwenye karamu ya Watanzania kuwa anapenda mwanamume anayejua asili yake. Humphrey, anayemtaka vilevile, akadakia kwamba babu yake alikuwa chifu. Nikamzima! Nilisema babu wa babu yangu alikuwa Mwingereza, Bwana Pembroke, aliyehama kwao akaja kuishi Tabora. Asteria ameniomba niende kwao Jumapili ijayo nikamweleze shangazi yake. Shangazi! Hiyo si hatua ya mchezo. Nimeimba kwenye treni mpaka kwangu Akalla. Abiria walihama viti.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimempata! Yaani, nimepata Pembroke mmoja mtandaoni, ana masharubu na mbwa. Alipanda meli kwenda Kanada, lakini meli hupotea njia. Nimemchapisha kwa rangi, nimemtia fremu. Jirani yangu Hortense, Mkongomani asiyejua kupongeza, aliuliza mbona hatufanani hata kidogo. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa! Nilimpigia baba mkubwa Tabora anitajie kijiji cha Pembroke huko Uingereza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema Mwingereza huyo alitungwa na mtani wetu, Mzaramo mmoja mfanyakazi wa reli, siku ya mazishi ya babu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana hata msibani. Mzaramo aliingia kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka ndugu wa marehemu, akina Pembroke, wafike kutoka London. Waombolezaji walicheka. Mimi nilikuwa mtoto, nalia, nikaamini. Nimeamini hadi leo! Nimwambie Asteria ukweli? Thubutu! Humphrey atanicheka hadi Krismasi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nilimwamkia Shangazi Kamila, nikatoa fremu. Akauliza kama huyu ndiye Pembroke wa Tabora. Kumbe anamjua! Anamjua sana: Mzaramo wa kaburini alikuwa baba yake mzazi. Kila Mnyamwezi aliyezikwa mjini alipachikwa Mwingereza huyo huyo. Asteria alicheka mpaka machozi yakamtoka. Niliona aibu, nusura nijifiche chini ya meza. Lakini hajanifukuza! Amesema nirudi wiki ijayo na ukoo wa kweli, au nisirudi kabisa.

Nimeokoka. Mlangoni Shangazi Kamila, mama mtu mzima mwenye huruma, alininong'oneza ukweli wenyewe: ukoo wetu ni wa Wareno. Damu ya kifalme! Baba yake ndiye aliyemwambia. Nimeshaanza kujifunza Kireno. Humphrey kwisha!