Malalamiko Kuhusu Goti Langu Kukunjika Bila Idhini Yangu

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Mazoezi ya Viungo,

Mheshimiwa Daktari,

Kwa heshima na masikitiko makubwa nakutaarifu kwamba Jumanne iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi, goti langu la kulia lilikunjika hadi pembe mraba kamili. Nimelipima mwenyewe kwa rula ya pembe, mara mbili. Shahidi ni shemeji yangu, aliyekuwa amesimama kando bila suruali, kwa kuwa suruali ilikuwa kwenye cherehani, mkononi mwangu.

Bila shaka utanikumbuka. Mimi ni yule fundi cherehani wa kitanda cha dirishani, niliyeanguka kutoka juu ya meza nikitundika kibao cha duka kilichoandikwa "Kazi Imara." Mlinifunga mfupa wa goti kwa waya, na kwa hilo nawashukuru. Mshono wenu nimeukagua na sina neno, ingawa mimi ningeanzia upande wa ndani. Ugomvi wangu ni na mtaalamu wenu wa mazoezi, yule dada ambaye sisi wagonjwa tunamwita Kunja-Nyoosha.

Nilipopata ruhusa ya kwenda kwa dada yangu mkubwa, safari ya treni ya siku moja na nusu, nilimweleza Kunja-Nyoosha kwamba nakwenda kupumzika. (Ni mke wangu aliyesema nikapumzike. Treni ilipoondoka ndipo nilipoelewa kuwa atakayepumzika ni yeye.) Nikasema mazoezi yatasubiri nirudi. Kunja-Nyoosha akatabasamu, akanipa karatasi mbili. Yaliyofuata nayapanga kwa namba ili usipate pa kukwepea.

1. Karatasi moja ilikuwa ya mazoezi. Ya pili ilikuwa imekunjwa na kubandikwa, nimpe mkaguzi wa tiketi. Nikampa, mjinga mimi, nikidhani naombewa siti ya kunyoosha mguu. Kumbe aliagizwa aniinue kila saa. Na alikuwa mtu wa kazi! Saa ikitimia kofia yake inatangulia mlangoni: "Fundi, muda umefika. Juu!" Nikijifanya nimelala, abiria wananiamsha. Nikitembea na magongo kwenye ujia, behewa zima linahesabu hatua kwa sauti. Mara ya kwanza nilipotaka kuishia kumi na tisa, mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Ishirini, baba, usituaibishe." Nikapiga ya ishirini. Nina wajukuu wawili, Mheshimiwa, na nimepigiwa makofi kwa kufika chooni.

2. Nikiwa nimeketi, karatasi ilinitaka nipandishe na kushusha unyayo mara thelathini. Mama yule wa kikapu, aliyekaa mkabala nami, alivumilia hadi mara ya kumi na mbili, kisha akauliza: "Samahani baba, hayo mateke ni yangu, au mimi ninapokea kwa niaba ya mtu?" Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma hadi mwisho, akasema hata yeye miguu humvimba safarini. Kabla ya kituo kilichofuata safu nzima ilikuwa ikipiga unyayo. Nilipanda treni nikiwa mgonjwa, nikashuka kiongozi wa kwata.

3. Dada alinipokea kwa machozi na kwa nyumba iliyopangwa upya. Redio ukumbini, miwani yangu jikoni, kiti chenye mito uani. Nikaagiza chai, nikajibiwa kutoka mbali: "Imeshaiva, mdogo wangu, lakini yenyewe haina miguu. Wewe unayo miwili, na mingine ya ziada." Ya ziada ni magongo. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Sikujua kwamba alikuwa akiweka kumbukumbu.

4. Ili kuepuka usumbufu huo nikatafuta kazi ya kukaa. Kwenye chumba cha wageni kuna cherehani yake ya zamani, ya kukanyaga. Na kwa bahati njema, au ndivyo nilivyodhani, nyumba nzima ilikuwa imechanika: mashuka manne, foronya, suruali tatu za shemeji. Nikaketi kwa raha zangu, karatasi ya mazoezi nikaikalia. Nilianza kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Siku ya nne nikakuta wa kulia nao umo, bila kualikwa, unakanyaga kama mwenye nyumba.

5. Siku ya sita nikaitazama kazi vizuri. Nina miaka thelathini na moja kwenye ufundi huu. Nguo iliyochanika huacha nyuzinyuzi na huvutika pembeni. Hizi zilikuwa zimefumuliwa kwa wembe, kila baada ya hatua tatu za sindano, mstari umenyooka. Nikamuuliza dada. Akasema panya. Nikamwambia panya huyo nitamwajiri. Nikaikagua na stuli niliyokuwa nikiikalia: alama zake kwenye sakafu yenye nta zilionyesha kwamba imesogezwa kuelekea cherehani, upana wa vidole viwili kila siku, ili goti lizidi kukunjika. Hapo shemeji, ambaye siri humkaa kama kokoto kwenye kiatu, akanionyesha ujumbe wa Kunja-Nyoosha kwenye simu: "Atakataa mazoezi. Mpeni kazi yake. Asijue."

Kwa hiyo naomba, mosi, mtaalamu huyo ahamishiwe kitengo cha meno, ambako mgonjwa huruhusiwa kukaa. Pili, nipewe maelezo ya maandishi ni kwa sheria ipi mtu anaponywa huku amekataa. Tatu, neno "mapumziko" lifutwe kwenye vyeti vyenu vyote. Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitakuja ofisini kwako mwenyewe, kwa miguu.

Nisalimie muuguzi wa zamu ya asubuhi, na jirani yangu mwenye mkono kwenye plasta, na yule mfagiaji aliyekuwa akifagia kuzunguka magongo yangu bila kununa.

Wako katika kuonewa,

Fundi wa kitanda cha dirishani

Nyongeza, baada ya kufunga bahasha na kuifungua tena:

Mheshimiwa, Kunja-Nyoosha aliniuliza wodini naogopa nini. Nikasema naogopa waya usikatike. Nilidanganya. Nilichoogopa ni kikanyagio. Kazi nyingine siijui. Nikiwa sijajaribu, nilikuwa bado fundi. Nikiweka mguu pale nao ukagoma, ningekuwa nani? Ndiyo maana cherehani ya dukani kwangu niliifunika shuka, nikamwambia mke wangu ni kwa ajili ya vumbi.

Jumanne ile cherehani ilikimbia na pindo zima la suruali, nikikanyaga kwa mguu wa kulia, bila kusimama. Kabla ya kupima goti nililia kwanza. Shemeji akageukia dirishani, bila suruali vilevile, kwa heshima.

Basi msimhamishe. Mwambieni aniwekee koti lake jeupe. Pindo la mkono wa kushoto linaning'inia tangu siku ya kwanza, nami nilinyamaza kwa hasira tu.

Kitu kimoja kinanisumbua. Nguo za kushona zimekwisha. Asubuhi hii dada na shemeji walipotoka kwenda sokoni, niliutafuta ule wembe, nikaupata kwenye kopo la vifungo, nikafumua pazia la ukumbini.

Wakirudi nitasema ni panya.