Printa Pana na Masharubu ya Mzee Owuor

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mzee Owuor wa reli, jirani yetu hapa Mbotela, ataagwa Alhamisi kabla ya kusafirishwa kwao. Mungu amrehemu. Odero, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, ametangaza kwamba atakayetoa picha kubwa ya kupendeza ya marehemu atapewa kazi zote za chama mwaka mzima. Wenye studio za picha hapa tuko wawili tu. Mimi Ndeti, na Carolyne wa ng'ambo ya barabara. Carolyne ana printa pana. Mimi nina kitu kidogo kinachotafuna karatasi. Nikikosa kazi hii nafunga studio na kurudi kwa kaka yangu kuchonga twiga wa mbao. Sitaki twiga. Nanunua printa pana kuliko yake.

Jumanne, 5 Machi
Upelelezi. Nimeingia kwa Carolyne nikijifanya nataka picha ya pasipoti. Nikainama kufunga kamba za viatu, nikapima printa yake kwa mshipi wangu. Viatu vyangu havina kamba. Akanimiminia chai. Akaniambia mwenyewe kwamba kama nanunua printa nisitazame upana, nitazame wino. Kuna wa rangi kali unaoyeyuka ukiguswa na maji. Kuna mwingine, rangi zimepoa kidogo, lakini maji hayauwezi. Nichukue huo wa pili, akasema, kwa sababu watu wetu hawaagi marehemu kwa macho tu, lazima washike picha.
Mpinzani anayetoa siri bure ana siri kubwa zaidi. Nitafanya kinyume chake. Chai ilikuwa tamu, nakiri.

Jumatano, 6 Machi
Sharmarke, muuzaji wa printa mjini, aliniuliza huwa nachapa nini hasa. Ningesemaje? Picha za matanga na matangazo ya nyumba za kupangisha? Nikasema maonyesho ya sanaa. Akataka kujua kama ni ya ndani, nyuma ya vioo. Ndani kabisa, nikamjibu. Akanipa ya wino wa rangi kali.
Inaizidi ya Carolyne kwa matundu mawili ya mshipi. Haikupita mlangoni. Tumeng'oa dirisha.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi picha ikatoka. Mzee Owuor hakuwahi kung'aa hivyo akiwa hai. Koti la buluu, masharubu meusi ti. Sikuweka kioo, kingefunika sifa.
Pale mochari watu walisogea kuitazama. Odero akanishika mkono. Carolyne aliuliza kioo kiko wapi. Wivu huo.
Kisha Mama Adhiambo, mjane, akaikumbatia picha na kulia, shavu kwa shavu, muda mrefu. Alipoinua uso, masharubu ya mzee yalikuwa yake. Mzee mwenyewe alibaki ukungu wa buluu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitamani ardhi inimeze.
Carolyne akatoa picha nyingine kwenye mfuko, rangi zimepoa, akampa mama. Mama akaililia hiyo pia. Haikubadilika hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi ya chama ni ya Carolyne. Kaka amepiga simu, anauliza kama bado nina patasi yangu.
Nimekagua kila kitu kwa utulivu. Printa haina kosa. Wino hauna kosa. Tatizo ni machozi.

Jumatatu, 11 Machi
Odero amenihurumia. Shangazi yake wa mtaa wa Lucky Summer amefariki, na picha yake nimepewa mimi. Alisema wazi kwamba ni nafasi ya mwisho.
Saa sita Carolyne akapita, akanisihi angalau safari hii niweke kioo. Kwa nini anashikilia kioo hivyo? Lazima ana hisa katika duka la vioo. Siweki.
Dawa nimeipata mwenyewe. Nimechapa tangazo, upana wote wa printa, wino wangu bora kabisa: WAOMBOLEZAJI MNAOMBWA KULIA MITA MOJA KUTOKA KWA PICHA. Nimelitundika nje, juu ya mlango, lionekane hadi kwa Carolyne.
Mawingu yamekusanyika upande wa Jogoo Road. Katika mwanga huu rangi zinang'aa ajabu.