Balbu za Wati Mia na Mwenge wa Mama Mkwe

Ijumaa, Nehase 27

Mama mkwe amepiga simu kutoka Debre Birhan. Mkesha wa Mwaka Mpya, wiki ijayo, anataka mwenge uwashwe na mkwe mkubwa, yaani mimi, kama alivyokuwa akiuwasha marehemu mumewe. Jua likizama, mwenge uwake. Hangoji mtu. Mwaka jana sikufika, akauwasha jirani mwenye kikohozi, na kwa maelezo ya mama mkwe jirani huyo aliukoholea mwenge mpaka ukakata tamaa. Yeshimebet, mke wangu, alikuwa amesimama karibu na simu. Alisikia kila neno.

Gari letu lina taa moja ya mbele iliyokufa na nyingine inayoelekea huko. Barabara ya Debre Birhan ina ukungu msimu huu. Kwa hiyo: balbu mpya.

Sahlu alikuja kunywa kahawa. Sahlu ni mume wa mdogo wake mke wangu, mkwe mdogo, mtu mwema kupita kiasi. Ana kigari cha Kijapani anachokiosha kila Jumamosi. Alifungua boneti yangu bila kuombwa, akainama, akasema, "Shemeji, weka zile za kawaida, wati sitini. Mwanga wake una umanjano. Ukungu unauheshimu." Nikamshukuru. Uamuzi wa kutoweka za kawaida niliufikia kabla hajafunga boneti.

Jumamosi, Nehase 28

Soko la Merkato, upande wa vipuri. Kibanda cha Nuredin, kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Alinipangia aina tatu mezani. Za kawaida. Za wati themanini. Na za buluu, wati mia, zenye picha ya gari linalopaa kwenye sanduku. Akaniambia nyaya za gari langu la Kirusi zimefika umri wa kustaafu, nichukue za kawaida.

Hapo nikamshtukia. Mfanyabiashara anayekusihi ununue cha bei rahisi ana lake jambo. Sikukaa idara ya maji miaka thelathini na moja kwa ajili ya kudanganywa kibandani. Nikachukua za wati mia.

Ikabaki dhamana. Nuredin hutoa siku thelathini, kwa maandishi. Nikaona ni chache. Leo ni tarehe 28, nikamwambia asiandike siku, aandike "mpaka mwisho wa mwezi ujao". Ukihesabu vizuri hapo kuna siku mbili za bure. Nuredin alinitazama. Akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba maneno ni hayo hayo, hataki naenda kibanda cha pili. Akaandika haraka, akapiga muhuri mara mbili, akaniagizia chai. Akasema mzee kama mimi ningekuwa na kibanda hapa, wao wote wangefunga.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Karatasi nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Sijamwambia mtu. Werevu ukitangazwa huibwa.

Jumapili, Nehase 29

Nimefunga balbu mwenyewe. Sahlu alisema angekuja kunisaidia saa nane, kwa hiyo nilianza saa saba, mara tu baada ya chakula. Chakula kilikuwa kitfo, nyama ya kusaga yenye siagi, na Yeshimebet hakuwa na mkono mwepesi kwenye siagi leo.

Sanduku lina mchoro wa kidole kinachogusa kioo cha balbu, na mstari mwekundu umekikata kidole. Nikaufikiria sana mchoro huo. Nadhani maana yake ni kwamba mwanga ni mkali, usiuoneshe kwa kidole. Nikaishika balbu kwa kioo ili nisiharibu chuma chake. Vidole vilikuwa na siagi, ikateleza yenyewe mahali pake. Ya pili vilevile.

Sahlu alipofika aliuliza kama nimegusa kioo. Nikamwambia mimi si mtoto mdogo.

Jumanne, Pagume 1

Taa ni za ajabu. Jioni nilizielekeza kwenye ukuta wa jirani. Jirani akatoka kuuliza kama umeme umerudi.

Nikamwita Sahlu aegeshe gari lake kando ya langu tulinganishe. Zake: rangi ya chai ya maziwa. Zangu: nyeupe, zenye buluu pembeni. Sahlu alikiri kwamba ni kali, lakini akasema kwenye ukungu mwanga mweupe humrudia mwenyewe usoni. Wivu. Akasema pia kwamba ananusa plastiki ikiungua. Nikamwambia hiyo ni harufu ya upya.

Yeshimebet aliuliza kama tunaweza kula sasa.

Alhamisi, Pagume 3

Sikukuu ya Rafaeli. Mvua ya leo ina baraka, na mtaa mzima ulitoka kulowa, wakubwa kwa wadogo. Yeshimebet alirudi amelowa chapachapa na mchangamfu. Akaniambia nami nitoke, huenda ikanipenya kichwani. Nilitoka. Nikawasha taa ili nazo zibarikiwe. Ya kulia ilimeta mara moja, ikafa.

Mtu wa kawaida angekimbia kwa Nuredin. Mimi nilikaa nikafikiri. Dhamana yangu inakwenda mpaka mwisho wa Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka mpya. Nikiirudisha balbu leo, nitakuwa nimeitumia dhamana ingali changa. Nikiirudisha siku ya mwisho, ya pili nayo itakuwa imechoka, nami nitapewa mbili mpya kwa mpigo. Ndama hachinjwi angali ananyonya.

Sahlu akaleta balbu yake ya akiba. Ya kawaida, bila shaka. Nikamwambia ataihitaji mwenyewe.

Yeshimebet akasema basi twende kwa gari la Sahlu. Nikakataa. Mkwe mkubwa hawezi kuwasili kwenye kiti cha nyuma cha mkwe mdogo. Hakupandisha sauti. Alisema mama yake ana miaka themanini na mbili na hakuna ajuaye ataona mienge mingapi zaidi. Nisipofika mwaka huu jua halijazama, mwenge utakuwa wa Sahlu, mwaka huu na ijayo, na yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mama yake. Kisha akaenda kubadilisha nguo.

Nikasema tutafika. Nilikiambia chumba kitupu, lakini nilisema.

Jumamosi, Pagume 5

Naandika nikiwa kwenye mkahawa mdogo hapa Chacha. Debre Birhan haiko mbali. Watu wanafika huko kwa punda.

Nieleze kwa utaratibu. Tungeweza kutoka asubuhi. Lakini ukifika mchana, nani ataziona taa? Nikapanga tutoke saa tisa, tuingie uani jua likiwa ukingoni, mwanga wetu ukitangulia na mama mkwe amesimama mlangoni. Taa moja ya wati mia ni karibu sawa na mbili za Sahlu. Nimepiga hesabu. Sahlu alisema na yeye atasubiri, tuongozane, isije ikatokea lolote. Kumwondoa haikuwezekana.

Baada ya Sheno ukungu ukashuka. Nikawasha taa kali. Mbele yangu ukasimama ukuta mweupe, umbali wa hatua tatu, nami nikawa naendesha kuelekea kwenye ukuta huo. Nikazima. Nikaona vizuri zaidi. Yeshimebet akauliza, kwa upole, kama nimenunua taa za kuzima. Nikawasha tena ili kumwonesha. Kukatoka moshi kwenye boneti, na taa ya kushoto ikaaga dunia.

Sahlu alisimama nyuma yetu. Alitazama soketi iliyoyeyuka, hakusema neno. Ndivyo alivyo. Angesema neno ningepata la kumjibu.

Yeshimebet alichukua mkate wa sikukuu kutoka kiti cha nyuma, akaufunika kwa shuka lake. "Gizachew," akasema, "mimi naenda kwa mama." Sahlu akaniambia, "Shemeji, liache gari hapa, twende wote. Nafasi ipo." Nafasi ilikuwepo kweli, nyuma, katikati ya wanawe wawili. Nikasema tangulieni, mimi nitafuata taa zenu. Nilizifuata kama mita mia mbili. Mwanga wake wa manjano ulionekana vizuri ukipasua ukungu mbele yao. Kisha ukapotea, nami nikajikokota mpaka hapa.

Jua limezama, nadhani. Ukungu haukubadilika rangi sana. Watu wa Chacha wamewasha mienge yao na wanaimba barabarani. Nimejisikia vibaya. Chai ni nzuri.

Jumapili, Meskerem 1

Ukungu ulipanda alfajiri. Niliingia uani saa moja asubuhi, bila taa, na bila kuzihitaji. Maua ya manjano kila mahali.

Mwenge uliwashwa na Sahlu. Watu watatu wamenieleza jinsi ulivyowaka vizuri. Hakukohoa.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili. Shemeji yangu, mke wa Sahlu, alininong'oneza kwamba Sahlu alikataa mara mbili kuushika mwenge, na kwamba mama mkwe, yule asiyengoja mtu, alingoja. Alisimama mlangoni na kiberiti mkononi, na miguu yake ile iliyovimba, mpaka giza likaingia kabisa. Kila taa iliyokata kona aliuliza kama ni ya Gizachew. Majirani wote walikuwa wameshamaliza kuimba ndipo akampa Sahlu kiberiti.

Niliinama kumbusu magoti. Akaniinua kwa sikio. "Ulikuwa wapi, mwanangu? Nimekutafuta barabarani mpaka macho yakaniuma." Nikasema ukungu. Akasema ndiyo, ukungu. Kisha akatoa nyuma ya mlango mwenge mdogo wa vijiti, alioubakiza, akanipa kiberiti.

Nikauwasha. Mchana kweupe, uani, mbele ya kuku na Yeshimebet. Moto hauonekani juani, moshi tu. Mama mkwe alipiga vigelegele peke yake. Niliona aibu. Sijui aibu huandikwaje, lakini ilikuwa kubwa.

Baada ya chakula nilitaka kumtuliza Yeshimebet, nikamwonesha karatasi ya dhamana, kwamba hatukupoteza kitu, tunadai balbu mbili mpaka mwisho wa Meskerem. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaniuliza baada ya Nehase unakuja mwezi gani. Nikasema Meskerem. Akasema baada ya Nehase inakuja Pagume, mwezi wa kumi na tatu, wenye siku tano, nayo imeisha jana.

Nijitetee kidogo. Pagume haina mshahara. Miaka thelathini na moja kazini sikulipwa Pagume hata moja, kwa hiyo sikuuhesabu kuwa mwezi. Nilimweleza hivyo. Aliingia ndani kumsaidia mama yake, na nikawasikia wakicheka, wote wawili, kwa muda mrefu.

Jumanne, Meskerem 3

Kwa Nuredin. Alinitakia Mwaka Mpya mwema, akaniagizia chai. Nikaweka karatasi mezani, na balbu mbili zilizokufa. "Mzee wangu," akasema, "mimi nilikupa siku thelathini. Wewe ukaniomba saba. Nikakuuliza una uhakika?" Aliuliza kweli. Lipo kwenye shajara hii.

Akatoa soketi mpya na balbu za kawaida, akasema atanifungia mwenyewe, kwa sababu mkono wangu ameuona kwenye kioo: alama za vidole, tano, zimeungua vizuri kabisa. Nikazitazama zile balbu za kawaida. Nuredin anazisifu. Sahlu anazisifu. Watu wawili wasiojuana hawawezi kukubaliana hivyo bila kupanga. Nikachukua za wati themanini.

Yeshimebet amebadili kauli yake. Si kwa ajili yangu. Mama yake alimwomba, wakati wa kuagana, kwamba mwenge ubaki wangu mwaka mmoja zaidi, Mungu akimweka hai. Nilimsikia akiomba. Safari hii sina mzaha, nitafika.

Nimeshaanza kupanga. Nimetazama kalenda: mwaka huu Pagume itakuwa na siku sita. Mkesha unasogea mbele siku moja, kwa hiyo hakuna haja ya kutoka asubuhi. Na balbu mpya nitazinunua Nehase 28, kwa maneno yale yale ya dhamana. Zitakuwa siku nane. Nuredin bado hajaligundua hilo.